Gari la gia za umeme: namna ya kuliweka nyutro na likabaki nyutro wakati wa matengenezo

Swali hili limetufikia mara nyingi kwa ujumbe wa simu, na kila anayeuliza hulieleza karibu kwa namna ileile. Gari la otomatiki limepelekwa gereji. Fundi anataka kulisukuma likae juu ya shimo, au anataka kuzungusha tairi la mbele kwa mkono asikilize beringi. Anaweka N, anazima, anashuka kusukuma. Gari haliendi. Analiwasha tena, anaweka N, anazima, na matairi yamefunga vilevile. Hapo giaboksi inaanza kushukiwa, na mwenye gari anaanza kupiga hesabu ya fedha ambazo hana.

Mara nyingi giaboksi haina ugonjwa wowote. Gari limefanya kile lilichotengenezwa kufanya: limeona limezimwa, likajiweka P lenyewe. Leo tunaeleza kwa nini, na namna ya kufanya kazi na gari la aina hiyo bila kuua kifaa na, zaidi ya yote, bila kuumiza mtu aliye chini yake.

Kishikio kisichovuta kitu

Katika magari ya otomatiki tuliyoyazoea, kama Toyota IST, kishikio cha gia kimeungwa na giaboksi kwa kebo ya chuma. Ukikipeleka N, kebo imevuta kitu kule ndani, na kitu hicho kitabaki hapo hata ukizima gari, hata ukitoa betri na kwenda nayo nyumbani. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye magari hayo ana haki ya kuamini kwamba N ni mahali: ukishafika, umefika.

Gari la gia za umeme halina kebo hiyo. Kishikio chake, au kitufe, au kile kidude cha mviringo cha kuzungusha, ni swichi tu. Wewe unatuma ombi. Kompyuta ya gari inaangalia kama breki imekanyagwa, kama gari limesimama, kama swichi iko on, na ikiridhika ndipo inaamuru mota ndogo au giaboksi itekeleze. Ndiyo sababu katika magari mengi ya namna hii kishikio ukikiachia hurudi chenyewe pale kilipokuwa. Hakikuvuta kitu, kwa hiyo hakina sababu ya kubaki kule.

Mtindo huu si mgeni sana. BMW 7 Series iliyotoka mwaka 2001 ilikuwa na kijiti cha gia cha umeme kwenye usukani. Toyota Prius ya toleo la pili ikafuata mwaka 2003, Nissan Leaf mwishoni mwa 2010, kisha Honda Fit Hybrid na Vezel Hybrid mwaka 2013, na Nissan Note e-Power mwaka 2016. Magari ya Kijapani yaliyotumika huteremka bandarini Dar es Salaam na Mombasa, huuzwa mara ya kwanza, huuzwa mara ya pili, na leo mengine yanabeba abiria na magunia kwenye barabara zetu za vumbi.

Usidhani kila haibridi ina gia za umeme. Toyota Aqua ya toleo la kwanza, iliyoanza mwishoni mwa 2011, ni haibridi lakini kishikio chake hubaki pale ulipokiweka, P ikiwa juu kama kawaida. Kipimo ni chepesi: kama P ni kitufe cha peke yake, au kishikio kinarudi chenyewe ukikiachia, au gia zinachaguliwa kwa vitufe au kwa kuzungusha, basi uko kwenye gari la gia za umeme na maelezo haya yanakuhusu.

Kwa nini gari linakimbilia P

Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna gurudumu lenye meno, na pembeni yake kijino kimoja cha chuma. Ukiweka P, kijino hicho huingia katikati ya meno na kufunga gurudumu lisizunguke. Hicho tu ndicho kinachoshika gari la tani moja na nusu, na ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani.

Waliotengeneza gia za umeme walijua hatari yake. Kishikio kinachorudi katikati hakimwambii dereva kwa jicho wala kwa mkono kwamba gari liko gia gani. Mtu anaweza kushuka akiamini ameweka P kumbe gari liko N au D. Hili si jambo la kufikirika. Mwezi Aprili 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliita magari zaidi ya milioni 1.1 kwa marekebisho, yakiwemo Jeep Grand Cherokee za mwaka 2014 na 2015, kwa sababu madereva walikuwa wakishuka gari likiwa halijaingia P na likabingirika. Mwezi Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin, aliyefahamika kwa filamu za Star Trek, alikutwa amefariki nje ya nyumba yake Los Angeles, amebanwa na Jeep Grand Cherokee yake kwenye nguzo ya matofali. Alikuwa na miaka 27. Gari lake lilikuwa miongoni mwa aina zilizoitwa.

Kwa hiyo kompyuta nyingi za magari haya zimepewa amri moja kubwa: likizimwa, weka P. Nyingine huongeza masharti yake. Zikiona dereva amefungua mkanda na mlango, hujipeleka P bila kuulizwa. Kwa dereva huo ni ulinzi. Kwa fundi anayetaka gari lisukumike ni kero, na akijaribu kupambana na kero hiyo bila kuielewa, ndipo mambo huharibika.

Kabari kabla ya N

Tungependa fundi yeyote anayesoma hapa alifanye hili kwanza kabla ya kugusa kishikio cha gia. Tafuta kabari mbili, au mawe mawili mazito yenye ubavu bapa, uzibane mbele na nyuma ya tairi ambalo halitanyanyuliwa. N maana yake hakuna kinachoshika gari. Si lazima uwe mteremko wa Kitonga. Sakafu ya gereji iliyomwagwa kwa kukadiria kwa macho inatosha kulisogeza gari taratibu hadi kwenye miguu ya mtu.

Wako wanaosema, basi tuliache P tuinue tairi moja, kuna shida gani? Shida ipo, na haihusu gia za umeme peke yake. P hufunga matairi yanayoendeshwa na injini tu. Kwenye Fit, Leaf au Prius ya kawaida hayo ni ya mbele. Ukiinua tairi moja la mbele kwa jeki, difu inaruhusu lile lililo hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini lizunguke upande wa pili. Gari liko P, kijino kimeshika barabara, na bado gari linaweza kutembea na kuangusha jeki. Kinacholishika hapo ni breki ya mkono, ambayo kwa kawaida hukamata matairi ya nyuma, pamoja na kabari zako. Ukiinua nyuma, hata breki ya mkono haina la kukusaidia kwenye tairi lililo hewani.

Na jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Mtu asiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, liwe P au N. Weka stendi za chuma. Tumeona watu wakitumia tofali la saruji. Tofali la tundu hupasuka bila kutoa taarifa.

Kulifanya gari likae N

Hapa kila kampuni ina njia yake, na tusingependa mtu achukue ya gari moja aipeleke kwenye jingine. Lakini wazo ni moja: kompyuta ikae macho muda wote unaotaka N. Ukiizima, umeipa ruhusa ya kuweka P.

Tuchukue Prius, kwa kuwa imeenea. Ukikanyaga breki na kubonyeza kitufe cha kuwashia, dashibodi huonyesha neno READY na gari liko tayari kutembea. Lakini ukibonyeza kitufe hicho mara mbili bila kukanyaga breki, swichi inakuwa on bila gari kuwa tayari kutembea. Hali hii ya pili ndiyo nzuri kwa fundi. Ukiwa hapo, kanyaga breki, sogeza kishikio upande wa N na ukishikilie kama nusu sekunde. Wengi hukosea hapa, wanakigusa na kukiachia haraka, kompyuta inaona mkono umepita tu. Angalia dashibodi, si kishikio. Herufi N ikiwaka, ndipo ondoa breki ya mkono kama kazi inataka gari lisogee. Baada ya hapo usiguse kitufe cha kuwashia mpaka kazi iishe, maana ukikibonyeza gari likiwa limesimama, linazima na kujiweka P.

Kwa nini tusiache READY? Kwa sababu gari la haibridi likiwa READY linaweza kuwa kimya kabisa, kisha injini ikawaka yenyewe bila mtu kugusa chochote. Fundi mwenye mkono karibu na feni au mkanda hana muda wa kuutoa. Tena Prius ikiwa READY na iko N haichaji betri yake kubwa, hata injini ikinguruma, kwa hiyo kuiacha hivyo muda mrefu ni kuimaliza betri hiyo.

Katika Honda zenye gia za vitufe utaratibu ni tofauti. Injini ikiwaka, unakanyaga breki, unachagua N, kisha ndani ya sekunde 5 unabonyeza kitufe cha kuzimia. Gari linabaki N kwa dakika 15, halafu linajiweka P na kujizima. Dakika 15 zinatosha kulisukuma kwenye shimo. Hazitoshi kufunga breki mpya. Fundi asiyejua kwamba saa inahesabu anaweza kushangaa tairi alilokuwa akilizungusha limegoma ghafla, na kama gari lilikuwa linasukumwa wakati huo, linakwama palepale.

BMW nyingi za miaka ya 2010 nazo zina utaratibu unaofanana, uliowekwa kwa ajili ya mashine za kuoshea magari: breki ya mkono imeondolewa, mguu uko kwenye breki, N imechaguliwa, injini inazimwa lakini swichi inabaki on. Nazo hujirudisha P baada ya muda. Magari mengine yana njia ya dharura ya kuondoa P kwa mkono, ama kamba ama skrubu iliyofichwa chini ya kifuniko au chini ya gari. Ukiitumia hiyo, gari limeachiwa moja kwa moja, halitajishika tena mpaka urudishe ulichokivuta. Kabari kwanza.

Kitabu cha gari ndicho mwamuzi, na tunajua kikwazo chake: gari lililotoka Japani lina kitabu cha Kijapani. Kwa simu yenye intaneti unaweza kupiga picha ukurasa na kuutafsiri kwa programu ya kutafsiri, na kwa ukurasa mmoja wa gia inatosha kuelewa. Ukitafuta kitabu cha Kiingereza, jihadhari na majina. Honda Fit nje ya Japani mara nyingi huitwa Jazz na Vezel huitwa HR-V, lakini jina kufanana hakumaanishi gia zinafanana. Linganisha picha ya kishikio na kile kilicho ndani ya gari lako kabla ya kufuata maelezo.

Betri ndogo ndiyo yenye funguo

Watu hudhani haibridi au gari la umeme, kwa kuwa lina betri kubwa, haliwezi kukosa umeme wa kubadilisha gia. Kompyuta na ile mota ya kuondoa P huamshwa na betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote. Betri hiyo ikifa wakati gari liko P, gari limefungwa. Hakuna kebo ya kuvuta, na kwenye Prius hakuna kile kitufe kidogo cha kufungulia gia kinachopatikana pembeni ya kishikio kwenye magari ya kawaida.

Hali hiyo hujitokeza zaidi gereji kuliko barabarani. Swichi ikiachwa on saa nzima ili gari likae N, kompyuta, taa za dashibodi na redio vinakunywa umeme na hakuna kinachorudisha. Zima redio (tunasema hili kwa moyo mzito), zima taa na feni, funga milango, na kama gereji ina chaja ya betri iunge tangu mwanzo wa kazi.

Ikiwa imeshakufa, busti kwa betri ya volti 12 nyingine. Prius za toleo la pili na la tatu betri ndogo iko nyuma kwenye buti, lakini chini ya boneti, ndani ya boksi la fyuzi, kuna sehemu ya kuungia waya chanya yenye kifuniko chekundu. Waya hasi uunge kwenye chuma kitupu, mbali na betri. Hakikisha chanya na hasi mara mbili kabla ya kuunga. Kugeuza waya kwenye gari la kawaida mara nyingi huishia kuunguza fyuzi; kwenye haibridi unaweza kuunguza vifaa ambavyo bei yake inakaribia bei ya gari. Na waya zote za rangi ya chungwa zinazopita chini ya gari au kwenye boneti ni za umeme mkubwa. Hizo si za fundi wa breki. Aziache zilivyo.

Kuna hatari moja zaidi ya betri kufa. Ukitaka kuitoa betri ndogo kabisa kwa ajili ya kazi nyingine, fikiri kwanza gari litabaki wapi. Ukiitoa likiwa P, halitasogea mpaka umeme urudi. Kwa hiyo lisukume hadi mahali pa kazi kwanza, kisha ndipo utoe betri.

N si ruhusa ya kuvuta

Wengi wanaotafuta namna ya kuweka N wanataka gari livutwe kwa kamba hadi mjini. Tafadhali wasome hapa kabla ya kufunga kamba.

Kwenye Prius, Leaf na nyinginezo za aina hiyo, mota kubwa ya umeme imeungana na matairi ya mbele muda wote. N haiitenganishi. N inachofanya ni kuiambia mota isisukume. Matairi yakizunguka, mota nayo inazunguka, na mota ya sumaku ikizungushwa inakuwa jenereta. Kilomita nyingi za kuvutwa matairi ya mbele yakiwa chini zinaweza kuharibu mfumo wa umeme, hata kuleta moto. Watengenezaji wa magari haya mawili wamekataza kuyavuta kwa namna hiyo. Ama matairi ya mbele yanyanyuliwe, ama gari lote lipande juu ya gari la kubebea. Kama ni la kuendesha matairi yote manne, lipande lote.

Magari ya otomatiki yasiyo haibridi nayo hayana nafuu kubwa. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na matairi yanazunguka, vyuma vya ndani vinasuguana bila oili ya kutosha. Mita chache za kulitoa kwenye matope au kulipandisha taratibu kwa winchi ni jambo jingine, na hapo ndipo N inapohitajika kweli. Winchi ikivuta gari lililojiweka P katikati ya kazi, matairi yanaburuzwa na ule mzigo wote unabebwa na kijino tulichokitaja. Mtu mmoja abaki anaangalia herufi kwenye dashibodi muda wote, naye asikae mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiwa haiwaki, usukani huwa mzito na breki hudai nguvu zaidi, kwa hiyo anayeshika usukani ajue hilo kabla gari halijaanza kusogea.

Kazi ikiisha, shusha gari kwenye jeki na stendi, vuta breki ya mkono, weka P na uone herufi P ikiwaka. Kama betri ilitolewa na taa ya P inamweka au dashibodi inatoa onyo, usilipeleke barabarani kabla hajaliona fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Kabari zitolewe mwisho kabisa, mtu akiwa ameketi kwenye kiti cha dereva na mguu wake uko kwenye breki.